Mshambuliaji wa Kuazimwa

Ukimwazima Getrude Nangole kinu chako, usishangae kikirudi ukashindwa kukitambua. Atakuwa amekisugua mpaka mti wake unang'aa, amekianika, na amekileta mwenyewe kichwani, ndani ametia karanga au ming'oko ya kuchemsha, vile viazi pori vya kwao, kwa sababu katika nyumba yao, tangu enzi za bibi yake, kitu cha watu hakirudi kitupu wala hakirudi na doa. Majirani zake pale Newala waliijua tabia hiyo vizuri mno. Wengine hawakuwa hata na haya: wakiona sufuria limeshika masizi, wanatafuta namna ya kumwazimisha.

Getrude, ambaye mjini wote wanamwita Mama Loveness kwa jina la binti yake, anauza mitumba sokoni. Hiyo ndiyo kazi inayomlisha. Inayompandisha presha ni nyingine: yeye ni mwenyekiti wa Ukungu FC, timu ya ligi ya mkoa. Uenyekiti wenyewe hakuutafuta. Alikuwa akiwachagulia jezi kutoka kwenye marobota yake, na kila jezi ikichanika alikwenda kwenye mkutano wao kufoka. Siku ya uchaguzi wanaume walikaa wakisukumiana, wewe fulani, hapana wewe, mpaka Getrude akasimama na kusema, "Nipeni mimi basi, maana nyie mtakesha hapa." Wakampa, wakacheka, wakapiga makofi. Kicheko kilikauka wiki ile ile, aliposhika ufunguo wa chumba cha mipira akawafungia nje wote waliochelewa mazoezini, kocha akiwemo.

Haya, mambo yenyewe yalianza na simu kutoka Masasi.

Mpigaji alikuwa Mahmudu, kocha wa Jabali FC, timu kubwa ya kule chini ya uwanda wa Newala, inayocheza daraja la pili. Jabali wana utaratibu wao. Kijana mwenye kipaji ambaye hajaiva hawamwachi benchi aote kutu. Wanampeleka kwa mkopo kwenye timu ya ngazi ya chini, acheze kila wiki, na msimu ukiisha wanamrudisha na kumpima. "Nina mshambuliaji," Mahmudu alisema, "anaitwa Mujibu, kijana wa Lisekese. Mpira anaujua. Mchukueni, mumchezeshe, halafu mnirudishie." Getrude nusura aangushe simu kwenye beseni la soksi. Ukungu FC haijawahi kuazimwa hata filimbi, leo inaazimwa mshambuliaji!

Kabla Mujibu hajafika ikaja simu nyingine, ya mama yake, Siti. Sauti yake ilikuwa ya upole, ya mtu aliyekaa na jambo moyoni muda mrefu. "Mama Loveness, sina mtoto mwingine zaidi ya huyo. Nasikia mpira wa huko juu ni wa kuumizana. Nakuomba, dada yangu, unirudishie kama alivyoondoka."

"Mama Mujibu, wewe lala usingizi," Getrude akajibu, kifua mbele. "Mwanao atarudi hana hata mkwaruzo."

Jamani, laiti angeishia kusema "nimesikia".

Mujibu alifika na begi moja, mrefu, mwembamba, shikamoo zake nyingi kuliko maneno mengine yote aliyonayo. Klabu haina kambi, kwa hiyo akakaa nyumbani kwa mwenyekiti, na mwenyekiti akamshika kama anavyoshika kitu cha watu. Newala maji ni ya kuyatafuta, na katika nyumba ile kila mtu ana ndoo yake. Mujibu alipoinua ya kwake alinyang'anywa. "Weka chini! Ukitegua mgongo nitamwambia nini mama yako?" Akiamka anakuta uji wa karanga unamngoja. Uwanja si mbali, wenzake wote wanatembea, yeye anapakiwa bodaboda. Loveness, ambaye ndoo ya Mujibu ilikuwa imehamia kichwani kwake, alinuna wiki nzima.

"Mama," alisema, "tumeletewa mchezaji au bwana harusi?"

Uwanjani ndiyo usiseme. Kocha wa Ukungu, Silvesta, ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole wa kuuomba radhi hata mpira akiupiga vibaya. Getrude alimwita pembeni akampa masharti: mazoezini mtoto huyu asiguswe. Akamwita na Gasper, beki wa kati, fundi ujenzi mwenye miguu ya kubebea nondo. "Gasper, nakujua vizuri. Mguu wako ukimkuta Mujibu, mimi na wewe." Basi Mujibu akawa anacheza peke yake katikati ya watu. Akija na mpira, mabeki wanampisha kama amebeba mtungi wa maji. Anafunga, anafunga tena, na Getrude huko nje anapiga vigelegele utadhani kashinda kombe.

Wapinzani wa siku za mechi hawakuwa wamepewa masharti, ndiyo shida. Wakianza tu kumkaribia, Getrude anamtazama Silvesta, naye Silvesta anamtoa Mujibu. Kijana anakwenda kukaa benchi na jezi safi, taulo begani, anawatazama wenzake wanavyovuja jasho.

"Mama, naomba siku moja nimalize mechi," aliwahi kumwambia.

"Mwanangu, umekuja mzima, utaondoka mzima," Getrude akamjibu, akamwongezea mboga.

Siku moja mwezi wa tano, Mahmudu alipanda Newala bila kumwambia mtu. Alikaa kwenye nyasi katikati ya watazamaji, kofia usoni, akaangalia. Beki mmoja alimgusa Mujibu begani, mguso wa kawaida kabisa, Mujibu akaruka pembeni na kuuacha mpira. Getrude akasimama. Silvesta akamtoa. Mechi ilipokwisha Mahmudu alivua kofia akamfuata mwenyekiti, na Getrude akampokea kwa furaha kubwa.

"Kocha! Umemwona mwanao? Mgeuze umkague, hana hata kovu."

"Nimemwona," Mahmudu akasema. "Ndiyo shida yenyewe, Mama Loveness. Mimi sikumleta huku ahifadhiwe. Huyu anajua mpira kuliko vijana wangu wote, ila akiona kiatu kinakuja anafumba macho. Nimemleta huku kwa sababu viwanja vyenu vina vumbi na mabeki wenu hawana adabu. Nilitaka agongwe mpaka azoee."

Getrude alikasirika kwanza, maana ndivyo alivyoumbwa. "Si ungesema toka mwanzo!"

"Nilisema mumchezeshe, mama. Sikusema mumfunike." Mahmudu hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. "Msimu ukiisha viongozi wanapunguza wachezaji. Nitakuja kwenye mechi yenu ya mwisho na Radi ya Tandahimba. Nikimkuta hivi hivi wanamwacha, na mimi sitakuwa na mdomo wa kumtetea. Na akishaachwa na Jabali, nani mwingine atamchukua?"

Getrude alirudi nyumbani hana maneno, jambo ambalo Loveness hakuwahi kuliona tangu azaliwe. Mujibu alikuwa ameyasikia yote. Alikaa kwenye kizingiti, akikwangua udongo ambao haukuwepo kwenye njumu zake.

"Kocha anasema kweli, mama," alisema. "Mimi naogopa. Kiatu kikija, moyo unataka kunitoka. Nilidhani nikija huku nitazoea."

Getrude aliona aibu. Alikuwa amempenda mtoto huyu kwa moyo wote, na kwa upendo huo huo alikuwa anamfukuzisha kazi.

Kesho yake Silvesta alikuja na suluhisho la haraka. "Mwenyekiti, si tumwache tu acheze? Mama yake yuko Lisekese, atajuaje?" Getrude alimtazama mpaka mwalimu wa watu akainamisha kichwa. Kutoa ahadi kwa mwenye mtoto, halafu uivunje kwa kuwa hayupo? Hata ukitaka kupondea kokoto kwenye kinu cha jirani, unakwenda kwanza kumuuliza mwenye kinu! Na mwenye Mujibu, kwa hesabu za Getrude, hakuwa Jabali FC. Alikuwa Siti.

Asubuhi iliyofuata alifunga meza yake ya mitumba, akapanda basi la kushuka Masasi, akateremka mtaa wa Mkomaindo na kuchukua bodaboda mpaka Lisekese. Alimkuta Siti anafyeka majani chini ya mikorosho, mwanamke mfupi, mwenye macho ya mwanawe. Akakaribishwa mkekani, akaletewa ugali wa muhogo na kisamvu. Hakugusa tonge.

"Mama Mujibu, siwezi kula kabla sijasema. Nilikuahidi mwanao hatapata mkwaruzo. Nimekuja kukuomba uniondolee hiyo ahadi." Akamweleza yote, bodaboda, taulo, benchi, Mahmudu.

Siti alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo umefunga safari kutoka Newala," alisema taratibu, "kuja kuniomba ruhusa ya kumpiga mwanangu."

"Ndiyo, dada."

Siti akacheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kanga, na mwisho wa kicheko machozi yakawa ya kweli. Akasimulia. Mujibu akiwa mdogo alianguka kutoka juu ya mkorosho, mmojawapo wa hii hii, akalazwa hospitali mguu umefungwa kwa muda mrefu. "Tangu hapo nikimwona anakimbia tu, naona giza. Mimi ndiye niliyemwambia kila siku angalia usianguke, angalia usianguke. Huo uoga ni wangu, nimemvalisha. Lakini nikwambie ukweli, Mama Loveness? Nataka arudi nyumbani. Baba yake hayupo, mikorosho hii ataiangalia nani?"

"Kwa hiyo unaomba aachwe?"

"Siku nyingine naomba," Siti akasema, na aibu ikampita usoni. "Siku nyingine nasikia anavyoongea habari za mpira, siwezi." Halafu akaamua. "Mfundisheni mnavyojua. Lakini hiyo mechi ya mwisho nitakuja mwenyewe. Nikiona wanamuumiza na yeye anaogopa, naondoka naye jioni ile ile, na mpira basi."

Walishikana mikono, Getrude akala kisamvu chote kwa raha. Akiwa kwenye basi la kurudi ndipo jambo lilipomwingia vizuri. Mahmudu anataka kumwona Mujibu akigongwa. Siti hataki kumwona Mujibu akigongwa. Mechi ni moja, siku ni moja, kiatu ni hicho hicho. "Lahaula!" Getrude alisema kwa sauti, mpaka abiria wa mbele akageuka.

Maisha ya Mujibu yakabadilika kuanzia kesho yake. Bodaboda ikafutwa. Ndoo ikarudi kichwani kwake, na Loveness alimkabidhi kwa shangwe akimwonyesha njia ndefu kuliko zote. Siku za mnada alibeba marobota ya mitumba akipishana na mikokoteni, mabega yakaanza kupata umbo. Na Gasper akaitwa tena pembeni.

"Gasper, mguu wako uko huru."

"Kweli, mwenyekiti?" Gasper aliuliza, uso umechanua.

Siku ya kwanza Mujibu alilala chini kuliko alivyosimama. Getrude alijikaza kutazama, akashindwa, akageuka kutazama barabara, na kila akisikia kishindo anafumba macho yeye. Jioni alimkanda kwa maji ya moto na chumvi huku akimtukana Gasper, na kesho yake akamfokea Gasper kwa kumwonea huruma. Mujibu hakulalamika, lakini bado kiatu kikija alikuwa anarudi nyuma. Ni Gasper mwenyewe aliyemkalisha chini, wakiwa wanatafuna ming'oko baada ya mazoezi.

"Sikia, ndugu yangu. Wewe unangoja kiatu kije. Ukikingoja, lazima ukiogope. Kifuate. Niwekee bega mapema kabla sijajipanga, uone nani atakayefumba macho."

Ikachukua wiki kadhaa. Kisha jioni moja Getrude, akiwa amewapa mgongo kama kawaida, alisikia kishindo kikubwa na baada yake kimya. Akageuka. Aliyelala chini alikuwa Gasper. Mujibu alikuwa amesimama juu yake, mikono kichwani, anasema, "Samahani kaka, samahani, umeumia?" Timu nzima ilianguka kwa kicheko, na Mujibu, alipoona Gasper naye anacheka, akacheka kwa sauti ambayo Newala walikuwa hawajaisikia kwake.

Siku ya mechi ya mwisho baridi ilikuwa kali na watu walijaa. Mahmudu alisimama upande wa pili wa uwanja, mikono mfukoni. Siti alifika na basi la asubuhi, amevaa kanga mpya, na Getrude akamwazima koti lake. Alikuwa hajawahi kuangalia mechi maishani mwake. Mujibu alimwona akiwa anapasha misuli moto, akasimama ghafla kama mtu aliyeitwa. Getrude aliona mabega yake yakishuka, na roho yake ikashuka nayo.

Radi walikuwa na beki anaitwa Gervas, mtu wa miraba minne, ambaye Gasper akisimama naye anaonekana mdogo wake. Mpira wa kwanza tu alimfuata Mujibu na kumlaza. Siti akamkamata Getrude mkono, kucha zikaingia. "Mungu wangu!" Mpira uliofuata, Mujibu akauona mwili ule unakuja, akasita, akaupoteza. Radi wakaenda na mpira huo huo wakafunga. Silvesta, kwa mazoea, akageuka kumtazama mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa amekalia viganja vyake vyote viwili na anatazama mawingu.

"Mtoe basi!" Siti alisema.

"Siwezi, dada," Getrude akajibu. "Nikimtoa leo, nimemmaliza."

Kipindi cha pili kilianza vibaya zaidi. Gervas alimkuta Mujibu akigeuka, akampiga kumbo lililomtupa kifudifudi. Refa alipuliza. Mujibu alipoinua uso, mdomo ulikuwa unavuja damu. Siti alisimama, akakaza kanga yake kiunoni, akavuka mstari na kuingia uwanjani kumchukua mwanawe. Getrude alitaka kumfuata, akajizuia. Upande wa pili, Mahmudu alitoa mikono mfukoni.

Mujibu alimwona mama yake anakuja. Akasimama haraka, akajifuta mdomo kwa mkono wa jezi, akainua kiganja.

"Mama, rudi," alisema. "Sijamaliza."

Hakusema kwa ukali. Lakini Siti alisimama pale pale alipokuwa, katikati ya wanaume wenye njumu, kanga inapepea. Kisha akageuka. Alitembea polepole mpaka pembeni, akakaa, akamshika tena Getrude mkono, safari hii bila kucha.

Kuanzia hapo ilikuwa mechi nyingine. Mpira ulipokuja tena kwa Mujibu, Gervas akaja nao, na Mujibu hakungoja. Alimwekea bega mapema, mzima mzima, beki akayumba, Mujibu akapita. Wakagongana tena, akaanguka, akainuka. Wakagongana tena, akaanguka Gervas. Karibu na mwisho Gasper aliupandisha mpira mrefu, Mujibu akapiga, ukagonga mwamba ukarudi uwanjani, na njia ya kuufuata ilipita katikati ya miguu ya mabeki wawili waliokuwa wanarusha teke. Alikwenda huko huko. Hakufumba macho. Watu waliona vumbi, halafu wavu ukatikisika, halafu Mujibu akatoka kwenye vumbi anachechemea na kucheka.

Vigelegele vya kwanza havikutoka kwa Getrude. Vilitoka kwa Siti, vikali, virefu, Getrude akabaki anamshangaa.

Mechi iliisha sare. Filimbi ilipolia Siti alikuwa wa kwanza kuingia uwanjani, na hakwenda kwa mwanawe, alikwenda moja kwa moja kwa Gervas. Watu wakasogea, wengine kwa hofu, wengine ili waone vizuri. Alimfika beki yule kifuani.

"Shikamoo mama," Gervas akasema, akirudi nyuma hatua moja.

"Marahaba. Kwa nini umempiga sana mwanangu?"

"Wewe ndiye mama yake? Nisamehe, mama." Gervas alijifuta jasho, anahema bado. "Nimempiga kila namna ninayoijua. Msimu huu mzima sijakutana na mbishi kama huyu. Unamwangusha, ukigeuka yuko mbele yako tena. Kwa kweli amenichosha."

Siti alimsikiliza kama mtu anayesomewa habari njema redioni. Akamgeukia Mahmudu, aliyekuwa amevuka uwanja na kusimama nyuma yao.

"Kocha, umemsikia huyu?"

"Nimemsikia, mama, na nimeona," Mahmudu akasema. "Mimi nimeridhika. Nataka aanze na kikosi cha kwanza Masasi. Lakini naambiwa ruhusa iko kwako, na kwamba umekuja kumchukua."

Mujibu alikuwa amefika, mdomo umevimba, goti limechubuka, jezi haina tena rangi. Hakumsihi mama yake. Alimtazama tu, macho wazi. Siti alimshika kidevu, akakigeuza huku na huku, akaukagua ule mdomo, na kila mtu pale akasubiri.

"Nenda naye," alisema. "Hii mikorosho nitaiangalia mwenyewe mpaka uchoke kucheza."

Getrude alilia mbele ya timu nzima, mwenyekiti mzima, akiwafokea wasimwangalie. Gasper alimbeba Mujibu mabegani. Loveness akakumbuka kwamba ndoo ile sasa inarudi kwake, akalia naye, na hakuna aliyejua analilia kipi.

Jioni Getrude alimsindikiza Siti mpaka kituo cha mabasi. Basi lilikuwa limeshawashwa Siti alipomgeukia.

"Aliponiambia nirudi, Mama Loveness, nilitaka kukaa chini nilie pale pale. Mwanangu hajawahi kuniambia hapana tangu nimzae. Nimefurahi, sijui hata nikuambieje nilivyofurahi. Lakini inauma."

"Inauma, dada," Getrude akasema. "Mimi nimekaa naye miezi tu, na kesho anaondoka, na nimeshindwa hata kuingia chumbani kwake kumfungia begi."

Wakakumbatiana pale kituoni, wakilia na kucheka kwa pamoja, na utingo akawangoja mpaka walipoachiana.